Barafu kwenye maji ya chumvi imechelewa kuyeyuka kuliko kwenye maji matupu, hii imekaaje?

mdadisi_tu
Wakuu habari za muda huu. Naombeni msaada kwa wanaoijua fizikia, mimi ilinipiga chenga mapema sana.

Nina madogo wawili hapa ndani wamepewa kazi ya kuchunguza barafu inayeyuka haraka zaidi ikiwekwa wapi. Tukatoa vipande vya trei moja, saizi moja, tukaviweka kwa mkupuo: kimoja juu ya kitako cha sufuria nzito ya alumini tuliyoifudikiza, kingine juu ya ubao, kingine kwenye sahani ya plastiki, kimoja tukakizungushia taulo kavu, halafu viwili tukavitumbukiza kwenye glasi mbili, moja ina maji matupu na nyingine maji yaliyokolea chumvi, yote ya joto la chumbani.

Sasa majibu ndio yametuvuruga. Cha kwenye sufuria kimeisha upesi mno, cha kwenye ubao bado kinadunda. Dogo akaja na hoja yake, anasema sufuria ukiishika ni ya baridi kuliko ubao, sasa kitu cha baridi kinayeyushaje barafu? Nikakosa pa kushika. Halafu kubwa kuliko, glasi ya chumvi ndio barafu imekaa muda mrefu, ya maji matupu imeshaisha zamani. Si tunaambiwa miaka yote chumvi inayeyusha barafu jamani? Au chumvi ilizidi?

kichwa_maji
Umehakikisha ilikuwa chumvi sio sukari? 😂😂

mdadisi_tu
Chumvi mkuu, niliionja mwenyewe.

fundi_baridi
Nianze na sufuria maana ndio jepesi.

Sufuria sio ya baridi. Imelala chumba kimoja na ubao, weka kipimajoto kwenye vyote viwili namba itakuwa ileile. Mkono hausomi joto la kitu, unasoma kasi ambayo joto linakutoka. Alumini inalichukua joto la kiganja na kulitawanya kwenye chuma chote kabla hujastuka, ubao unapata joto palepale kwenye ngozi unapogusia na linabaki hapohapo, ndio maana unauona una uvuguvugu. Kwa barafu mchezo ni uleule ila upande umegeuka, sasa sufuria ndio ina joto na barafu ndio inapokea, na sufuria inatoa kwa kasi ileile iliyokunyang'anya wewe. Kwa hiyo mwambie dogo kile kilichomfanya aone baridi ndicho hichohicho kilichoiyeyusha barafu.

Kama anataka namba: alumini safi inapitisha joto kama wati 237 kwa mita kwa kila nyuzi moja ya tofauti, ile stili isiyoshika kutu ni kama 15 tu, glasi inacheza kwenye 1, mbao na plastiki nyingi ziko 0.1 mpaka 0.3, hewa iliyotulia 0.025. Ukiangalia hapo utaona kusema "chuma kinayeyusha haraka" haitoshi, chuma gani? Stili na alumini zimepishana zaidi ya mara kumi na tano.

Ila kuna kitu wengi wanaruka. Kupitisha joto peke yake haitoshi, lazima kuwe na joto lenyewe la kupitisha. Gramu moja ya barafu iliyofika nyuzi 0 inadai jouli 334 (jouli ni kipimo cha kiasi cha joto) ili iwe maji ya nyuzi 0, yaani inakula joto lote hilo na kipimajoto hakisogei hata kidogo. Joto hilohilo ukiipa gramu moja ya maji ya nyuzi 0 yanapanda mpaka karibu nyuzi 80. Sasa kipande cha gramu 30 kinadai kama jouli 10,000. Sufuria ya alumini ya nusu kilo ikishuka kutoka nyuzi 25 mpaka 0 inatoa kama jouli 11,000, kwa hiyo yenyewe tu bila kuomba kwa mtu ina uwezo wa kukimaliza kipande karibu chote. Chukua sasa foili ya gramu tano, nayo ni alumini vilevile, lakini ina jouli mia na kitu tu mfukoni. Itandike juu ya ubao uweke barafu, itaanza kwa mbwembwe kidogo halafu inakuwa kama umeweka kwenye ubao tu. Jaribuni hilo na madogo, linafundisha kuliko sufuria yenyewe.

bint_maabara
Fundi kamaliza la sufuria, mimi niichukue chumvi. Kwanza chumvi haikuzidi na majibu yenu yako sawa, ndivyo inavyotakiwa kutokea. Tatizo ni kwamba watu wanachanganya maswali mawili: barafu inaanza kuyeyuka ikiwa nyuzi ngapi, na joto linaifikia kwa kasi gani. Chumvi inagusa yote mawili na kwenye glasi yenu yanavutana.

Chukulia glasi ya maji matupu. Barafu inaelea juu, inatoa maji ya nyuzi 0. Maji hayo ni mazito kuliko maji ya chumba yaliyoizunguka (lita ya maji ya nyuzi 25 ina gramu kama 997, ya nyuzi 0 ni karibu 1,000) kwa hiyo yanazama. Yakizama, maji ya uvuguvugu yanapanda kuchukua nafasi yanakutana na barafu, nayo yanapoa yanazama, yanakuja mengine. Hakuna aliyekoroga ila glasi inajikoroga yenyewe.

Njoo kwenye chumvi. Maji yenye chumvi ya kiasi cha bahari, lita moja inapita gramu 1,020, na yenu mmesema yalikolea kwa hiyo ni mazito zaidi ya hapo. Barafu inatoa maji yasiyo na chumvi, ya baridi sawa, lakini bado ni mepesi kuliko yaliyo chini. Hayazami. Yanabaki juu yamejikusanya kuizunguka barafu kama kofia, na barafu inabaki inaogelea kwenye maji yake yenyewe ya nyuzi sifuri na ushee huku maji ya uvuguvugu yapo sentimita chache chini yake hayawezi kupanda. Joto linabaki kupenya polepole tu, hakuna mzunguko.

Ni kweli chumvi inashusha nyuzi za kuyeyukia, lakini maji yenu yalikuwa kama ishirini na ngapi huko, barafu ingeyeyuka tu hata iweje. Kilichoamua ni mzunguko.

Usiniamini mimi, gandisheni barafu yenye wino halafu rudieni glasi zote mbili bila kuzitikisa. Na mkimaliza rudieni tena huku mnakoroga zote, muone ile tofauti inaenda wapi.

kichwa_maji
Sasa kama ni hivyo kwenye nchi za theluji wanamwaga chumvi barabarani ya nini, mbona wasingeacha tu

bint_maabara
Kwa sababu barabarani hakuna glasi ya maji ya uvuguvugu. Barabara yenyewe iko chini ya sifuri, tuseme nyuzi 5 chini, hapo barafu tupu haiyeyuki hata ukae mwaka. Ukimwaga chumvi inaloweka ule unyevu mwembamba ulioko juu ya barafu, inakuwa maji ya chumvi ambayo kwa nyuzi hizo hayagandi, yanaila barafu iliyo jirani, yanaongezeka, yanaila nyingine. Hapo chumvi imeruhusu kitu ambacho bila yenyewe kisingetokea kabisa.

Na ina mwisho wake. Chumvi ya kawaida ikichanganywa kwa uwiano bora kabisa, kama asilimia 23 ya uzito, inashuka mpaka nyuzi 21 chini ya sifuri na hapo ndio ukuta, lakini kiutendaji kwenye barabara inaanza kuzubaa mapema, kwenye kama nyuzi 10 chini. Ndio maana kwenye baridi kali zaidi wanatumia kloridi ya kalsiamu, chumvi ya aina nyingine, yenyewe inafika kama nyuzi 50 chini kwenye uwiano wake, na ikiyeyuka kwenye maji inatoa joto. Chumvi ya kawaida haitoi joto lolote, tena inalivuta. Changanya barafu iliyopondwa na chumvi nyingi halafu choma kipimajoto katikati, kinashuka chini ya sifuri kwa mbali huku barafu inaendelea kuyeyuka mbele ya macho yako. Barafu inayeyuka na kila kitu kinazidi kuwa baridi! Joto la kuyeyushia linatolewa kwenye mchanganyiko wenyewe.

Na ile ya sukari uliyomtania mwenzio, sukari nayo inashusha nyuzi ila kwa uvivu. Kinachohesabika ni idadi ya chembe zilizoingia kwenye maji sio uzito. Molekuli ya sukari ina uzito karibu mara sita ya kipande kidogo kabisa cha chumvi, halafu hicho cha chumvi kikiingia majini kinagawanyika chembe mbili (ayoni). Kijiko cha uzito mmoja, chumvi inakuzidishia chembe mara kumi na zaidi.

mdadisi_tu
Dada mrejesho. Hatukuwa na wino wa maana tukatumia rangi ya bluu ya maji ya kuchorea, tukagandisha.

Kwenye maji matupu bana ile rangi inashuka kama uzi, unatoka chini ya kile kipande unajinyonganyonga unaenda mpaka kitako cha glasi halafu unatawanyika, na nyuzi nyingine zinafuata, baada ya muda glasi nzima imekuwa bluu hafifu kuanzia chini. Glasi ya chumvi sasa, bluu yote imejipanga juu, unaona mstari umekatwa kama kwa rula, juu bluu chini maji meupe kabisa, na kipande kimekaa katikati ya bluu yake kimetulia. Dogo mdogo akatia kidole chini akasema chini kuna joto juu baridi. Kweli kabisa, nikajaribu na mimi.

Tulivyokoroga zikaenda karibu pamoja.

Sasa wamenipandishia maswali mengine. Wanasema feni inapoza kwa hiyo tukiiwashia barafu itakaa? Na blanketi inatia joto kwa hiyo itaiyeyusha? Kuhusu taulo lenyewe kipande kilidumu sana kwa hiyo hilo la blanketi nahisi najua jibu ila siwezi kulieleza.

fundi_baridi
Blanketi halina joto la kumpa mtu yeyote. Kazi yake ni kuzuia hewa isitembee, basi. Wewe una joto ndani, linabaki ndani, unaona linakutia joto. Barafu haina, joto liko nje, linabaki nje. Ila liwe kavu. Likilowa maji yanajaza zile nafasi za hewa na maji yanapitisha joto zaidi ya mara ishirini ya hewa iliyotulia, kwa hiyo ukiona taulo limelowa chapachapa libadilishe.

Feni ndio inawachanganya watu wazima hata. Feni haishushi nyuzi za chumba hata moja, tena mota yake inaongeza kidogo. Inakupoza wewe kwa sababu ngozi yako ina joto kuliko hewa na una jasho, inakuondolea ile hewa ya moto uliyojitengenezea na jasho linakauka haraka. Barafu nayo imejitengenezea hewa yake ya baridi pembeni, inajikinga nayo. Ukiwasha feni unampokonya kinga unamletea hewa mpya ya nyuzi 25 kila sekunde. Inayeyuka haraka, tena sana.

nyuzi_sifuri
Nimeipenda hii mada nimejiandikisha kwa ajili yake 😀 Fundi umesahau unyevu wa hewa, na kwangu mimi huo ndio mchawi mwenyewe.

Hewa ikiwa na mvuke mwingi, mvuke ukigusa barafu unageuka maji palepale, zile jasho mnazoziona nje ya glasi ya baridi. Mvuke ukigeuka maji unatoa joto, na sio kidogo, gramu moja inaachia kama jouli 2,500. Gawa kwa 334 ya fundi, gramu moja ya mvuke uliotua juu ya barafu ina joto la kuyeyusha gramu saba na nusu za barafu. Kwa hiyo vyumba viwili vyenye nyuzi zilezile 25, kimoja kikavu na kingine kina fukuto, barafu haitaisha pamoja. Kwenye hewa kavu sana inakuwa kinyume, kile kimaji cha juu kinapaa na kikipaa kinachukua joto kwenye barafu, kwa hiyo inajipoza. Ukipima jaribio lako leo na ukalirudia siku nyingine ukapata muda mwingine usishangae, na wala usilaumu saa.

Kingine, watu wanadhani barafu iliyotoka friza kali itadumu sana kuliko ya friza ya kawaida. Inasaidia ila sio kivile. Kuipandisha barafu kutoka nyuzi 18 chini mpaka 0 inahitaji jouli 38 tu kwa gramu. Kazi kubwa ni ile 334 ya kugeuka maji, na hiyo haijali ulitoka friza gani.

kichwa_maji
Umbo je? Maana naona mnajadili alikokaa tu, yeye mwenyewe kaumbikaje hamsemi

bint_maabara
Swali zuri kuliko utani wako wa mwanzo. Joto linaingilia kwenye ngozi ya barafu kwa hiyo hesabu eneo la nje. Bonge la sentimita 10 kila upande lina sentimita za mraba 600 za nje. Likate vipande vya sentimita moja unapata 1,000, na eneo la nje linakuwa 6,000. Barafu ni ileile kilo moja kasoro kidogo, milango imekuwa mara kumi. Tufe ndio lina eneo dogo kuliko maumbo yote kwa ujazo uleule. Na vipande vikikusanywa lundo vinakingana, ukivitawanya kwenye sinia kila kimoja kinapigana peke yake.

nyuzi_sifuri
Hili la ukubwa ndilo lililomtajirisha Frederic Tudor, yule mfanyabiashara wa barafu wa Boston, Marekani. Mwaka 1833 alipakia tani 180 za barafu ya ziwani kwenye meli Tuscany kwenda Calcutta, India, safari ya miezi minne inayovuka joto la ikweta mara mbili, hakuna friji duniani wakati huo, na kama tani 100 zikafika bado barafu. Siri yake ilikuwa mabonge makubwa yaliyobananishwa yasiache nafasi, na maranda ya mbao kuzunguka. Maranda ni takataka za kiwanda cha mbao lakini yamejaa hewa isiyotembea.

Na kabla yake Benjamin Franklin alieleza kwenye barua ya 1761 jinsi alivyotandika vipande vya kitambaa vya rangi tofauti juu ya theluji siku ya jua. Cheusi kikazama sana, cha bluu iliyokoza karibu sawa nacho, cheupe kikabaki juu. Theluji mpya inarudisha mwanga wa jua asilimia 80 mpaka 90, ndio maana jua kali linaiwakia na bado ipo. Madogo wanaweza kuifanya na barafu juani, karatasi nyeusi juu ya kimoja nyeupe juu ya kingine. Lakini iwe juani kweli, ndani kivulini rangi haina kazi utapoteza muda.

mdadisi_tu
Hapo kwenye rangi ngoja niulize, kwa hiyo tukinyunyizia masizi au mchanga mweusi juu ya barafu itaisha haraka? Au mchanga nao utaikinga kama maranda?

nyuzi_sifuri
Yote mawili, inategemea unene, na hili ndio linaonekana kwenye mito ya barafu milimani, yale mabonge makubwa ya barafu yanayoteremka polepole. Vumbi jembamba linakula jua na kulipeleka moja kwa moja kwenye barafu, inayeyuka kuliko iliyo safi. Kifusi kikifika sentimita kadhaa, jua linapasha juu tu na joto halifiki chini, barafu iliyo chini yake inadumu kuliko ile iliyo wazi. Ukienda kwenye mto wa barafu wenye mawe utakuta jiwe kubwa bapa limekaa juu ya mguu wa barafu kama meza, kwa sababu pembeni yake yote imeyeyuka ikashuka na ya chini yake imekingwa.

mdadisi_tu
Mbarikiwe sana. La mwisho, wanataka kushindana, kila mmoja apewe kipande sawa, mmoja akiyeyushe upesi iwezekanavyo bila moto wala maji ya moto, mwingine akidumishe.

fundi_baridi
Wa kuyeyusha: akisage, akimwage kwenye beseni la maji matupu ya kawaida, lita kadhaa, akoroge bila kupumzika. Lita moja ya nyuzi 25 ina jouli kama 104,000 mpaka ifike 0, sufuria yako haioni ndani. Asiweke chumvi, hapo haimpi kitu.

Wa kudumisha: kipande kizima, akiweke juu ya kitu chenye matundu ili maji yanayotoka yachuruzike kisikae kimelowana, akizungushie taulo kavu nene, akitie ndani ya boksi la lile povu jeupe jepesi wanalofungia vyombo vya umeme, afunike, akae nalo mbali na dirisha na feni.

kichwa_maji
Na asifunue kila dakika kuangalia kama bado kipo, huyo dogo namjua bila kumuona 😂

mdadisi_tu
Ameshafunua.